Sweta Arobaini na Mashavu Yangu Mawili

Sikuugua matubwitubwi. Naiandika sentensi hiyo nikiwa na miaka hamsini na mmoja, na bado mkono unasita. Dada yangu Mwende amenishtaki kwa uongo huu katika harusi mbili, katika matanga ya baba yetu, na karibu kila Krismasi tangu nilipokuwa darasa la tatu. Kila mara nimeapa kwamba niliugua, na nikiona hawaniamini nawaonyesha kwa kidole mahali palipovimba. Nimewahi hata kujaziwa fomu ya hospitali, nikaulizwa magonjwa ya utotoni, na nikayataja matubwitubwi bila kupepesa macho. Muuguzi aliponiuliza kama yaliniuma sana, nilijibu kwamba yaliniuma zaidi upande wa kushoto. Uongo ukikaa na mtu miaka mingi humpa hadi kumbukumbu za maumivu.

Kilichonilegeza ni harufu. Mwezi huu wa Julai nilinyeshewa manyunyu nikitoka kununua sukuma wiki, nikaitundika sweta yangu kwenye kiti karibu na jiko. Ilipoanza kutoa mvuke, harufu ya sufu mbichi ikachanganyika na ya chai iliyokuwa ikichemka, nami nikajikuta nimesimama katikati ya jikoni na kijiko mkononi, nikiwa na miaka tisa, mdomo umejaa uzi.

Wale waliokulia Machakos wanaijua Julai yetu. Wageni hudhani Ukambani ni jua tu, na huja na mashati mepesi. Kumbe asubuhi ukungu hushuka kutoka vilima vya Iveti, ukalala juu ya mji hadi saa tano kama mgeni asiyejua muda wa kuondoka. Jua hujitokeza mchana kidogo, likaangalia, likarudi. Nguo zilizofuliwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi, na bado kola ina unyevu. Watoto wa shule ya msingi tulitembea na miguu mitupu kuanzia magotini, tumepakwa mafuta hadi tunang'aa, na tukifika darasani tulikuta madirisha matatu hayana vioo. Mwalimu wetu alifundisha akiwa amevaa koti na glavu. Sisi tulikalia mikono yetu kwa zamu, mmoja wa kuandikia na mmoja wa kupashwa joto.

Wakati huohuo, nusu kilomita kutoka hapo, nyuma ya soko, palikuwa na chumba chenye joto kuliko vyote duniani. Kilikuwa duka la mama.

Naliita duka, lakini kilikuwa chumba kimoja katika safu ya vyumba sita vya mabati. Mbele palikuwa na kaunta ya mbao, nyuma jiko la makaa, na katikati ilikaa mashine ya kufuma sweta. Ilikuwa ndefu kama benchi la kanisa, na mgongoni ilikuwa na safu ya sindano ndogo zisizohesabika, kila moja ikiwa na kidomo kinachofunguka na kufunga. Juu ya sindano hizo mama alikisukuma kichwa cha chuma, kwenda na kurudi, krrraa, krrraa, na kila kilipopita, mstari mmoja wa sweta ulizaliwa chini yake. Aliupitisha uzi kwenye kipande cha mshumaa kwanza ili uteleze. Kwenye ncha ya kitambaa alining'iniza vyuma vizito ili kishuke kikiwa kimenyooka. Hakuwahi kutazama mikono yake. Aliongea na wateja, alikoroga chungu kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia uliendelea kwenda na kurudi kama wa mtu mwingine aliyeajiriwa.

Mashine yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mwethya wa akina mama wa kanisa letu. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi: leo mnalima kwa huyu, kesho mnajenga kwa yule. Akina mama hawa walikuwa wamechanga wakanunua mashine ya kufuma, na kanuni yao ilikuwa moja tu, kwamba mashine inakaa kwa mwenye kazi. Ukikaa nayo bila kazi ya maana hadi mkutano wa mwisho wa mwezi, inabebwa kwenda kwa mwingine. Mama alikuwa amekaa nayo miezi mitatu akifuma sweta moja moja, ya mtoto wa huyu na ya mkwe wa yule, na tayari mwenzake mmoja kutoka Muthetheni alikuwa amefagia kona ya nyumba yake akiingoja.

Ndipo akaja Sista. Alikuwa mkuu wa shule ya bweni ya wasichana iliyokuwa mlimani, mwanamke mrefu mwenye viatu vya wanaume na Kiswahili kilichonyooka kama rula. Aliagiza sweta arobaini za kidato cha kwanza, rangi ya damu ya mzee, ambayo sisi tuliiita maruni, shingo ya pembe, mstari mmoja mweupe. Alizitaka Ijumaa, saa kumi. Zikimpendeza, mama angefuma za shule nzima, kila mwaka. Zisipompendeza, angenunua za kiwandani kutoka Nairobi. Nyumbani kwetu jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini, kama vile sweta zenyewe zingeweza kusikia na kuharibika.

Mimi nilielewa jambo moja tu: wiki hiyo duka lingekuwa na jiko linalowaka tangu asubuhi hadi jioni, na mimi ningekuwa darasani nimekalia mkono mmoja.

Jirani yangu wa dawati alikuwa ametumwa nyumbani Ijumaa iliyotangulia kwa sababu ya matubwitubwi. Nilimchunguza vizuri kabla hajaondoka. Mwanafunzi bora wa sayansi nilivyokuwa, nikahitimisha kwamba ugonjwa huo ni mashavu kujaa, kama mtu aliyefumaniwa na chakula mdomoni. Kwamba uvimbe hukaa chini ya sikio, kwenye kona ya taya, hilo sikuliona. Jumatatu alfajiri nilijikatia uzi wa maruni kutoka kwenye koni moja aliyoileta mama nyumbani, nikausokota mabonge mawili, nikaliweka moja huku na jingine kule. Kisha nikaketi kitandani nikangoja kuhurumiwa.

Mama alikuja na taa. Alinishika kipaji cha uso.

“Joto hakuna,” alisema.

“Ni ya baridi,” nilijibu, kwa sauti ya mtu anayeongea akiwa ndani ya gunia.

“Haya.” Alinitazama kidogo, kisha akachukua leso yake kuukuu, akanifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, fundo likasimama juu kama masikio ya sungura. “Nyumbani hakuna mtu wa kukuangalia. Twende duka.”

Baba alikuwa mwalimu huko mbali na alirudi wikendi tu, kwa hiyo hapakuwa na rufaa. Mwende, aliyekuwa darasa la sita, alinitazama kutoka mlangoni akiwa amejikunyata ndani ya koti la shule. Sijasahau macho yale. Yalikuwa macho ya mtu anayeanza kufungua faili.

Basi nikaingia katika wiki ya raha. Niliwekwa juu ya gunia la mabaki ya uzi, kati ya jiko na ukuta, nikafunikwa shuka. Manyunyu yalipita juu ya mabati kama mtu anayepepeta mtama. Mashine iliimba krrraa, krrraa. Harufu zilikuja moja baada ya nyingine bila kugombana: makaa yanaposhika, mshumaa unaopashwa na uzi, kisha mandazi ya Mama Njeri. Huyu alikuwa na hoteli chumba cha pili kutoka kwetu. Alikuja mjini kutoka upande wa Murang'a akiwa na karai moja, na sasa wenye maofisi walimpangia foleni. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Mzee Kioko na mashine yake ya kusaga unga. Injini yake ilitetemesha safu nzima, na yeye mwenyewe alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu, mwaka mzima.

Kila mtu alipita kutusalimia, maana mlango wetu ulikuwa na joto.

“Mama Mwende, huyu amepatwa na nini?” aliuliza Mama Njeri siku hiyo ya kwanza, sahani ya mandazi mkononi.

“Matubwitubwi.”

“Ngai! Maskini. Kuja nikupatie moja ya moto.”

Nilinyoosha mkono. Mama, bila kuacha kusukuma mashine, aliufikia mkono wangu kabla haujafika.

“Asante, Mama Njeri, lakini mgonjwa wa hii kitu hatafuni. Akitafuna inashuka shingoni. Ni uji tu.”

“Uji na sukari?”

“Sukari inaichokoza.”

Hivyo ndivyo nilivyoanza kunywa uji wa mtama usio na sukari, asubuhi, mchana na jioni, futi nane kutoka kwa mandazi bora kuliko yote ya Machakos. Mchana Mwende alikuja kutoka shuleni kula muthokoi, mahindi yale yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, na alikula polepole sana, akinitazama. Mimi niliyasogeza mabonge yangu kwa ulimi nikameza uji kwa pembeni. Ilikuwa kazi ya ustadi, na mara moja moja ustadi ulinishinda.

“We, mbona hii kitu yako inatembea?” Mwende aliuliza Jumanne. “Asubuhi ilikuwa hapa chini. Saa hii iko juu.”

“Hutembea,” nilisema.

“Inaenda wapi?”

“Mwende,” alisema mama, “wachana na mgonjwa. Kula, kengele itakupata hapa.”

Nilimhurumia mama yangu wakati ule, kweli nilimhurumia. Nilimwona kuwa mwanamke mwema asiyejua mambo ya dunia, anayedanganyika kirahisi, na niliazimia kwamba nikiwa mkubwa nitamlinda dhidi ya matapeli.

Lakini pia nilimtazama, siku nzima, kwa mara ya kwanza maishani, maana mgonjwa hana kazi nyingine. Niliona kwamba vipande vya sweta vikitoka kwenye mashine havifanani na sweta hata kidogo. Hujikunja kama majani makavu. Alivinyosha juu ya goti kwa kiganja, akavipanga, mgongo, kifua, mkono na mkono, kisha akaviunga kwa sindano ya mkono, mshono hadi mshono, hadi usijue kipande kimeishia wapi. Kosa likitokea mstari wa kumi, aliligundua mstari wa hamsini kwa kusikia tu: mashine ilibadilisha sauti kidogo. Alisimama, akafumua mistari yote arobaini, akaanza tena. Hakuguna. Mimi, ambaye leo nikifuta aya moja natembea nyumba nzima nikilalamika, bado sijui aliipata wapi subira ile.

Jumatano saa nne Sista aliingia bila kutarajiwa. Duka lilikuwa limejaa. Mama Njeri alikuwa kwenye kaunta, wanawake wawili walikuwa wakiulizia sweta za watoto, na Mzee Kioko alikuwa amekuja kuota moto. Sista alizigusa sweta zilizokuwa tayari, akavuta mshono mmoja kwa vidole viwili kujaribu nguvu yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaniona kule chini, na leso yangu yenye masikio.

“Na wewe, mbona hauko shuleni?”

Niliivuta shuka hadi kidevuni.

“Unaumwa?”

Nilitikisa kichwa kukubali.

“Unaumwa nini, mwanangu?”

Watu wote walinigeukia. Nilimtazama mama. Angeweza kujibu yeye, lakini swali halikuwa lake.

“Matubwitubwi, Sista,” nikasema, kupitia uzi.

Sista alirudisha mkono wake kutoka kwenye rundo la sweta kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

“Mama Mwende, ni kweli? Mtoto ana matubwitubwi, na amelala humu ndani na sweta za wasichana wangu?”

Hapo mama alinitazama. Nimeutafakari mtazamo huo miaka mingi, na kila mara nilisema moyoni kwamba alikuwa akinionea huruma. Kumbe ulikuwa mtazamo ule aliokuwa nao mashine ilipobadilisha sauti.

“Ndiyo, Sista,” alisema. “Ilimshika Jumatatu.”

“Basi siwezi kuzichukua. Wale wanalala thelathini bweni moja. Yakiingia huko, nimekwisha.”

“Nitazifua.”

“Zichemshwe.”

“Sista, nikizichemsha zitatosha wanasesere. Nitazifua na sabuni na dawa ya kuua vijidudu, moja moja, zote arobaini. Zitakauka.”

Sista alitazama nje. Ukungu ulikuwa umeegemea mlango. “Zitakauka wapi, Mama Mwende?”

“Ijumaa saa kumi, Sista. Kama tulivyosema.”

Sista aliondoka. Hata mimi, kwa akili yangu ya darasa la tatu, nilielewa sasa. Sweta zikikataliwa, kazi hakuna. Kazi ikikosekana, mwisho wa mwezi mashine inabebwa kwenda Muthetheni. Ningeweza kutoa mabonge mawili mdomoni nikayaweka juu ya kaunta, na Sista angerudishwa kabla hajafika barabarani. Nilijiambia kwamba ningezungumza baada ya chakula cha mchana.

Mchana huo mama alijaza maji mabeseni matatu. Hayo maji ya Julai, ukitia mkono unaumia hadi kiwiko. Alizama humo hadi jioni, na Alhamisi akarudi tena, akifuma zilizobaki na kufua zilizokwisha. Aliziminya bila kuzisokota, maana sufu ikisokotwa hupoteza umbo. Vidole vyake vilivimba vikawa na rangi ya sweta zenyewe. Nilishuka kutoka kwenye gunia langu nikasimama karibu naye.

“Mama,” nikaanza. “Mimi…”

“Nyamaza. Matubwitubwi haitaki maneno.” Alinipa mkono wa sweta. “Shika hapo. Minya, usisokote.”

Niliminya. Alasiri hiyo nilienda nyuma ya gunia la makaa, nikayatoa mabonge, nikayasukumia kwenye ufa wa ukuta, kisha nikatangaza kwamba nimepona.

“Imepona haraka,” alisema mama. “Lakini uji tutaendelea nao hadi Jumamosi. Hii kitu hupenda kurudi.”

Sasa, sweta arobaini mbichi, duka moja, jiko moja. Nilidhani ameshindwa. Sikujua bado mji wetu ni wa namna gani. Mama Njeri ndiye aliyeanza. Alikuja akiwa amejifunga kanga kiunoni, akachukua sita bila kuomba, akazitundika kwenye kamba juu ya karai lake la mandazi. “Hapa kwangu hata mawe yanakauka,” alisema. Mzee Kioko akachukua nane, akazipanga juu ya mabomba ya injini yake ya kusagia. Dobi wa chumba cha nne akachukua tano, akawa anazikandamiza kwa pasi ya makaa juu ya kitambaa, moja baada ya nyingine, huku nguo za wateja wake zikingoja. Akina mama wa mwethya walisikia. Wakaja na vikapu, wakabeba mbili mbili hadi majikoni kwao, hata yule wa Muthetheni aliyekuwa akiingoja mashine. Alikuwa amekuja sokoni kuuza ndengu, akachukua tatu, akakaa kutwa nzima kwa shangazi yake karibu na stendi ya mabasi akizigeuza mbele ya moto kama mahindi ya kuchoma. Nilipokuwa mtoto niliona ni jambo la kawaida, watu wanaokausha sweta. Leo nikimfikiria mwanamke huyo ananyamazisha maringo yote niliyo nayo.

Ijumaa saa nane sweta zilianza kurudi. Mama alizipokea mlangoni akizihesabu kwa kuzigusa. Zilikuja zikiwa kavu na zikiwa na habari za mahali zilikotoka. Za Mama Njeri zilinukia mandazi na iliki. Za Mzee Kioko zilikuwa na vumbi jeupe la unga, tukazipiga kwa fagio. Za dobi zilikuwa bapa kama magazeti. Nyingine zilinukia moshi wa kuni, na moja, sijui ilikuwa kwa nani, ilinukia tumbaku ya kunusa. Saa tisa na nusu zilikuwa thelathini na tisa.

“Moja iko wapi?” mama aliuliza. Ndiyo siku pekee wiki hiyo niliyosikia sauti yake ikitetemeka.

Tulitafuta chini ya kaunta, ndani ya vikapu, nyuma ya karai la Mama Njeri. Mwende alikimbia hadi kwa akina mama wawili akarudi akihema. Hatimaye mimi ndiye niliyeiona. Mzee Kioko alikuwa ameketi kwenye gunia mlangoni kwake, amefumba macho, na chini ya koti lake jeupe pakachungulia kola ya maruni yenye mstari mweupe.

“Mzee Kioko! Umevaa sweta ya Sista!” alipiga kelele Mama Njeri.

“Siivai,” alisema, bila haya yoyote. “Naikausha. Hii mliniletea jana jioni ikiwa mbichi sana, injini nimeizima, nifanye nini? Joto la mtu ni zuri kuliko la chuma. Halichomi.” Akaivua polepole, kwa heshima zote za mzee wa miaka sabini anayevuliwa sare ya kidato cha kwanza, akaikunja vizuri, akampa mama kwa mikono miwili. Ilikuwa kavu kabisa.

Sista aliingia saa kumi kamili. Alihesabu. Alizitazama kwenye mwanga, ndani na nje. Kisha akaiinua moja hadi puani, na safu nzima ya vyumba ikaacha kupumua.

“Mama Mwende, hii inanukia mandazi.”

“Ndiyo, Sista. Hiyo ilikauka kwa Mama Njeri. Nyingine ziko na unga kidogo. Sikutaka kuficha.”

Sista aliinusa tena, polepole zaidi. “Wasichana watapigana kwa ajili ya hii,” alisema. Akamwagiza dereva azipakie, na akiwa mlangoni akageuka. “Kidato cha pili wako hamsini na wawili. Muhula ujao.”

Mashine haikwenda Muthetheni. Ilikaa kwetu miaka mingi, na mwenzake yule alipata ya pili kikundi kilipochanga tena. Mama ndiye aliyemfundisha. Sweta za maruni zilinilipia sekondari, kisha chuo kikuu, ambako nilipata shahada mbili za kuchambua jinsi watu wa kwenye vitabu wanavyojidanganya. Walimu wangu walisema nina kipaji cha jambo hilo. Sikuwaambia nilikipata wapi. Na kwa Mwende, kila aliponiuliza, niliapa, kwa sababu kukubali kungekuwa kukubali maji ya yale mabeseni.

Hadi Jumapili iliyopita. Mwende, ambaye sasa ni msimamizi katika kiwanda cha nguo kule EPZ Athi River na anaishi Mlolongo na mjukuu wake wa miaka minane, alinipigia simu.

“Sasa wewe. Huyu kijana wangu ameshikwa na matubwitubwi. Ya ukweli, si ya kutembea. Kesho niko kazini, siwezi kukosa. Kuja ukae na yeye wiki moja, si wewe huandikia nyumbani? Na wewe ulishaugua, haiwezi kukushika tena.” Nikasikia tabasamu lake kutoka Mlolongo. “Ama kuna kitu unataka kuniambia?”

Nilimwomba dakika kumi. Nikampigia mama. Nakiri kwamba sikumpigia ili niungame. Nilitaka shahidi. Nilitumaini kwamba mwanamke wa miaka themanini na kitu angesema niliugua, nami ningeamini, nikaenda Mlolongo kwa dhamiri safi na shingo isiyo na kinga.

“Wakya,” alisema, kama anavyonisalimu tangu nijue kuitika.

“Aa. Mama, nataka kukuuliza kitu cha zamani. Nikiwa darasa la tatu, ile wiki ya sweta za Sista. Niliugua matubwitubwi?”

Nilisikia kijiko kikigonga ukingo wa sufuria mara mbili.

“Ni Mwende amekutuma?”

“Hapana. Ni mimi nauliza.”

“Basi, kama ni wewe, hukuugua.”

Niliketi kwenye kiti kile kilichotundikwa sweta. “Ulijua lini?”

“Jumatatu. Saa nne haijafika. Ulipiga miayo nikaona ulimi. Ulikuwa maruni kama shule ya Sista.”

“Na ukaninywesha uji siku tano.”

“Sita. Jumamosi pia.” Hakucheka, lakini sauti yake ililegea. “Nilisema utachoka. Mtoto wa Mama Njeri angechoka siku moja. Wewe ulikuwa na kichwa ngumu.”

“Mama, lakini Jumatano. Sista aliuliza ni kweli, ukasema ndiyo. Ungesema tu mtoto anajifanya. Hungefua hata moja. Mashine ilikuwa karibu kwenda.”

“Sista alikuuliza wewe kwanza,” alisema, taratibu, kama anayemweleza mtu mshono. “Mbele ya watu wote, na ukajibu. Ningesema nini, mtoto wangu ni mwongo? Pale, mbele ya Kioko na wale wanawake? Sweta inafuliwa, Ijumaa imekauka. Hiyo nyingine ingekauka lini?”

Kwenye simu nilisikia manyunyu juu ya mabati yake, au labda yalikuwa juu ya yangu.

“Na yale mabonge,” akaongeza, “niliyatoa kwa ukuta. Uzi ulikuwa umeniishia kwa mkono wa mwisho. Ndio ile sweta Kioko alivaa.”

“Mama!”

“Si niliifua? Haya. Mwambie Mwende alete mtoto hapa kwangu, mimi niliugua nikiwa msichana, ya ukweli. Wewe ukitaka kumwona, simama mlangoni.” Nilimsikia akifunika sufuria. “Sasa mpigie dada yako. Na umwambie polepole, amengoja sana.”